Tabibu Niliyemnyima Nguo

Swali lililoninyima usingizi wiki tatu mfululizo lilikuwa moja tu: yule tabibu atanigeuka lini? Si kama atanigeuka. Hilo nilishalimaliza. Nilichokuwa natafuta ni siku na mahali.

Wazee wangu, shikamooni. Vijana wenzangu, poleni na jua. Naona mama mmoja hapo mbele ameshika kifua. Mama, tulia, sijaenda kwa mganga. Tabibu ninayemsema ni wa kwenye gemu, ile michezo ya kwenye runinga ambayo watoto wenu wanaicheza mkiwa shamba. Mwenyekiti ameshawaambia kwamba Jumatatu naanza kazi Kilosa, akaniomba nisimulie nilivyofika hapo. Siwezi kusimulia bila kumtaja huyo tabibu, maana ndiye aliyenionyesha ugonjwa wangu. Ugonjwa wenyewe ni kushuku watu. Nashuku kama wengine wanavyopiga chafya. Hata sasa hivi, wale wawili wanaonong'ona benchi la nyuma, moyoni nimeshaamua kwamba wananisema mimi.

Niende kwa utaratibu.

Nilipomaliza chuo nilirudi Mikumi kukaa kwa kaka yangu. Kaka anaendesha lori; wiki mbili yuko njiani, siku tatu yuko nyumbani. Kwa hiyo nyumba ilikuwa yangu mimi na mke wake. Wifi yangu ni Msukuma. Wazazi wake walihamia na ng'ombe wao upande wa Ulaya, kile kijiji cha njia ya Kilosa, yeye akiwa mdogo, na mpaka leo wako huko wanalima mpunga. Mimi nilikuwa na shahada, na barua za maombi nilizotuma kila mahali, na simu niliyoikagua kila baada ya dakika mbili.

Safari moja kaka alirudi na mashine ya gemu iliyotumika, aliyoichukua kwa dereva mwenzake, pamoja na diski tatu. Mbili zilikuwa za mpira. Ya tatu ilikuwa ya Kijapani na hakuna aliyeitaka, basi nikaichukua. Nilisema nitajipumzisha nayo siku mbili tatu huku nasubiri majibu ya kazi.

Ndugu zangu, gemu ile haijui siku mbili tatu. Watu wanne wanatembea kwa miguu nchi nzima. Wanapigana na mazimwi, wanalala nyumba za wageni, wanaongea, wanakula, wanaongea tena. Nilicheza saa kumi nzima sijavuka hata mto wa kwanza. Na maandishi yote ni ya Kijapani, sijui herufi hata moja. Ikabidi nichukue daftari nianze kuchora alama: hii inayofanana na kibanda ni ya kuhifadhi ulipofika, hii kama mtu aliyebeba kuni ni kushambulia, hii yenye vitone ni dawa. Kabla sijazijua vizuri niliuza upanga wangu wa pekee nikidhani nanunua mkate. Wifi alikuwa pembeni anachambua mchele. Alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Wifi! Na shahada yote hiyo, umeuza panga?"

Nilicheka naye, lakini moyoni niliandika. Kwa nini ameitaja shahada?

Ule mchezo huwezi kuhifadhi popote unapotaka. Lazima ufike kwenye jiwe fulani, na mawe yako mbali. Mara ya kwanza umeme ulipokatika nilipoteza kazi ya asubuhi nzima. Unajua nilifanya nini? Nilitoka nje nikaenda kwa jirani kuhakikisha kwamba kwao pia umekatika. Umeme wao ulikuwa umekatika. Bado niliporudi nilimwangalia wifi kwa jicho la pembeni.

Sasa tabibu. Katika wale wanne kulikuwa na kijana wa upanga, dada wa mishale, mzee wa ngumi, na huyu. Alivaa joho la kijivu na kofia iliyofunika macho. Alijiunga nasi njiani bila kuitwa na mtu. Kwa kuwa sikuelewa wanachosema, nilimsoma kwa dalili. Akiingia yeye, muziki unapoa. Wenzake wakicheka, yeye hacheki. Wakifika nyumba ya wageni wote wanalala, yeye anasimama dirishani. Nikafungua ukurasa mpya kwenye daftari, juu nikaandika USHAHIDI, nikajaza mistari kumi na miwili.

Nikapanga mkakati. Kila vazi zuri tulilookota niliwagawia wale watatu. Siku atakapogeuka, nilisema, angalau asiwe na nguo nilizomvisha mwenyewe. Kwenye mapambano nilimweka nyuma asishiriki, kwa hiyo wenzake walikua na yeye akabaki kama alivyokuja. Na dawa sikutumia. Nilikuwa na chupa tisini na tisa, maana gemu hairuhusu kubeba zaidi. Zilikuwa za siku mbaya. Kila siku mbaya ilipofika niliona hii si mbaya vya kutosha, inakuja nyingine.

Miezi hiyohiyo nilikuwa na ukurasa wa pili ambao sikumwonyesha mtu. Ulikuwa wa wifi.

Wifi alikuwa akiongea na mama yake kwa simu karibu kila jioni, kwa Kisukuma. Mimi nikipita uani, kati ya maneno nisiyoyajua nasikia jina langu. Linapita waziwazi kama chuya kwenye wali. Kisha kicheko. Kisha sauti inashuka. Nikaandika: anapunguza sauti nikiingia. Nikaandika: jana aliniuliza ninaamka saa ngapi, anataka kujua kwa nini? Nilianza kufunga chumba changu kwa kufuli hata nikienda kuoga. Nilishaona mwisho wake: siku moja kaka angerudi safari, akae kitandani avue viatu, aambiwe kwamba mdogo wake amekaa vya kutosha. Nami sikuwa na pa kwenda.

Ndipo nikapata ujumbe wa usaili. Kazi ilikuwa Kilosa, ya kuandikisha wakulima, na walioitwa walitakiwa kuripoti saa mbili asubuhi. Mnajua tulivyolelewa: jambo lako usilitangaze mpaka limekaa mkononi. Mama yangu mzazi akisafiri huaga akiwa ameshakaa ndani ya gari. Basi sikumwambia mtu. Nilimwambia wifi naenda Chanzuru, jirani na Kilosa, kumsalimia rafiki aliyejifungua. Wifi akanipa na kanga nimpelekee mzazi! Nikaipokea. Nikaiweka juu ya vyeti.

Mvua ilikuwa imenyesha. Gari nililopanda lilinasa kwenye tope kabla ya Ulaya, tukashuka, tukasukuma, likanasa tena. Nilifika Kilosa saa tano na nusu, viatu mkononi. Mlinzi aliniangalia miguu, akasema kwa upole, "Dada, wameshamaliza. Pole sana."

Nilirudi na kanga ya watu kwenye mkoba na njia nzima nilikuwa natafuta nani amenifungia njia. Mnacheka? Nilimpata. Nilisema wifi aliona ujumbe kwenye simu yangu.

Kesho yake kaka yake wifi alipita kunywa chai. Yeye ana gari dogo la mizigo, anapeleka mazao. Akawa anasimulia: "Jana nilitoka hapa saa kumi na moja alfajiri, nikaiwahi mvua. Saa moja na nusu niko Kilosa, niko peke yangu mbele, nasinzia sina hata wa kuongea naye."

Wifi akanigeukia. "Si ungeniambia safari yako ni ya asubuhi? Angekushusha Chanzuru."

Nilijimiminia chai nyingine. Na bado, ndugu zangu, nawaambia ukweli kwa sababu nimekuja kusema ukweli, bado nilijiuliza kwa nini amelisema hilo leo na si juzi.

Nikakimbilia kwenye gemu. Huko nako mambo yakaniharibikia. Tuliingia pango moja, ardhi ikapasuka, wale watatu wangu wenye mavazi yote wakatumbukia shimoni. Lango likafungwa. Akabaki tabibu peke yake mbele ya zimwi la mikono sita.

Nikaruka kwenye kiti. "Nilijua! Amewapeleka makusudi!"

Lakini zimwi lilimpiga yeye, pigo moja, akaanguka. Nikarudia, akaanguka. Nilihesabu mara kumi na nne. Wifi alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele wake, ametazama yote.

"Huyo mbona hujamvisha?" akauliza.

"Simwamini."

"Kwani amekufanya nini?"

"Bado."

Akainua kichwa. "Bado?"

"Ndiyo. Bado hajafanya."

"Haya," akasema, na akarudi kwenye mchele wake. "Bado."

Lile neno lilikaa na mimi siku mbili. Nilifungua ule ukurasa wa tabibu nikausoma kama msahihishaji wa mitihani. Mistari kumi na miwili, na hakuna hata mmoja unaosema amefanya jambo. Hacheki. Anasimama dirishani. Hiyo si hatia, hata mimi sicheki na nasimama dirishani. Kisha nikafungua ule wa pili. Sitawasomea. Mtu mmoja anaweza kuumia.

Kwa bahati nilikuwa nimehifadhi kwenye jiwe lililo nje ya pango. Nikarudi hapo na mkakati mpya. Nilimvua yule kijana wa upanga ngao yake, nikampa tabibu. Nikampa na fimbo iliyokuwa imekaa mkobani tangu mji wa pili. Nikampeleka kando ya mto kupigana na kaa wadogo, siku nne, kaa baada ya kaa, mpaka akapata nguvu za kusimama. Nikaingia naye pangoni na nikatumia dawa. Chupa sitini na moja. Kila chupa niliyofungua niliona kama natoa damu. Zimwi likaanguka na lango likafunguka.

Msidhani nawaletea hadithi kwamba tabibu ni malaika. Sijamaliza ile gemu. Inawezekana mwisho wa safari atanigeuka kweli. Ile kofia bado haijatoka. Ninachojua ni kwamba bila yeye ningekuwa nimekaa mbele ya lile lango mpaka leo, nikiwa na ushahidi wangu kamili.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu. Baadhi ya waliochaguliwa hawakuripoti, wanaita watu tena, Jumatano saa mbili. Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nje wifi alikuwa anaongea na mama yake, na jina langu likapita.

Nilitoka kabla sijajishauri. Nikasimama mbele yake mpaka akakata simu.

"Wifi, naomba nikuulize. Huwa mnanisema nini?"

Nilitegemea akane. Aliweka simu chini akafikiri. "Unataka kweli?"

"Nataka."

"Leo nilikuwa namwambia mama kwamba nina wifi anafunga kufuli akienda kuoga. Namuuliza nimemkosea nini. Mama anasema labda wasomi ndivyo walivyo, nikuache tu." "Na mwezi uliopita nilisema unamaliza sukari. Hilo nalo nilisema."

Ndugu zangu, yaani ni kweli walikuwa wananisema! Sikukosea kusikia. Nilikosea kila kitu kingine.

Nilimwambia yote. Kwamba Chanzuru hakuna mzazi. Kwamba kanga iko chini ya godoro. Alikasirika, na alikuwa na haki. Akawa anachochea moto ambao hauhitaji kuchochewa. Mwishowe akauliza, "Jumatano saa ngapi?" Akampigia kaka yake papo hapo.

Siku mbili zile alinikalisha kwenye kigoda yeye akawa msaili. "Wewe binti, mfugaji amekataa kukuandikisha ng'ombe wake, utamwambiaje?" Nikijibu kwa maneno ya chuo ananikata: "Ameshaondoka huyo. Anza upya." Jumatano nilikaa kiti cha mbele cha lile gari, na saa mbili kamili nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Na swali la mfugaji waliuliza.

Nawashukuru. Namshukuru kaka aliyenivumilia miaka miwili, shemeji mwenye gari, na yule mama wa Ulaya aliyeshauri niachwe kwa wema. Wifi namshukuru kuliko wote, na simtaji jina, ila msigeuke kumtafuta, anaona aibu. Mwenzangu unayeshuku kama mimi, sikwambii uache, maana mimi mwenyewe sijaweza. Nakwambia tu mwendee mtu umuulize, na usubiri jibu lake akiwa bado mbele yako.

Jambo moja lililobaki, kisha nikae. Alhamisi iliyopita ujumbe wa majibu uliingia. Nikaona jina langu mwanzoni, na kidole gumba changu chenyewe kikafunika kioo. Nikaanza kupanga: nisome peke yangu, nikae nao, nisubiri mpaka nisaini. Wifi alikuwa jikoni anasonga ugali.

Nilitoa kidole. Nikaenda nikasimama mlangoni, nikamwambia, "Wifi, yamekuja," nikaanza kusoma kwa sauti, neno kwa neno, kabla mimi mwenyewe sijafika mwisho.