Mama Meno na Wiki Ishirini na Nne za Sindano

Wafiwa wenzetu, familia imenikabidhi mimi, kifungua mimba, kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Meno.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1952, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, binti pekee wa fundi bomba na mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1960 hadi 1966, sekondari hadi 1970, na mwaka 1973 akahitimu chuo cha ufundi, fani ya meno ya bandia, darasa la wanaume kumi na tisa na yeye.

Tarehe 7 Januari 1974 aliajiriwa katika karakana ya meno ya hospitali, chumba chenye dirisha moja, vumbi la plasta na harufu ya nta, na wapo hapa leo wanaotafuna kwa kazi ya mikono yake, majina siyataji, wenyewe wanajijua. Alifunga ndoa na baba yetu, mpima ardhi, tarehe 17 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, mwaka 1978, 1981 na 1985.

Mwaka 1998 alianza kuugua baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili hugeuka na kushambulia viungo, vidonge vikamsaidia kidogo tu, na kufikia 2003 hakuweza tena kushika kisu cha nta, akahamishiwa mapokezi, na jambo hilo lilimuuma kuliko vidole vyenyewe.

Aprili 2004 aliingia kwenye utafiti wa wiki ishirini na nne wa sindano mpya, iliyolenga kichochezi kimoja tu cha uvimbe badala ya kupooza kinga yote, kwa sharti kwamba nusu ya wagonjwa wapate dawa na nusu maji ya chumvi, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapata nini. Kufikia wiki ya kumi na mbili alikuwa anafungwa vifungo vya gauni na kitinda mimba wetu, na baba akamsihi ajitoe, maana ruhusa ilikuwepo, naye akajibu: "Tukikimbia wote tunaodhani tumepewa maji, watajuaje kama dawa inafanya kazi?" Baba alinuna siku tatu, halafu akaanza kumpeleka kliniki mwenyewe.

Oktoba majibu yalitoka, waliopata dawa walikuwa na nafuu kubwa, na mama alikuwa amechomwa maji matupu muda wote ule, akacheka mpaka muuguzi naye akacheka, kisha akapewa dawa yenyewe. Vidole viwili vya kushoto havikunyooka tena, lakini tarehe 1 Februari 2005 alirudi karakana, akatengeneza meno hadi alipostaafu mwaka 2012.

Mei 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akamhoji daktari kama sindano inahusika, na alipoambiwa hawaoni uhusiano wowote alituagiza tuliseme hilo hadharani, asije mtu akaogopa kutibiwa kwa ajili yake, nasi tumelisema. Alifariki tarehe 9 Agosti 2023, saa nne asubuhi, baba akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kliniki ya viungo, majirani waliotupikia na kutufulia, wenzake wa karakana waliokataa kiti chake kukaliwa na mwingine alipokuwa mapokezi, na wagonjwa wote, tusiowajua, waliovumilia maji pamoja naye ili wengine wapate dawa.

Mama, mikono yako imemaliza kazi, iache sasa, nawe pumzika kwa amani.