Turubai la Fundi Yotamu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Jofrey Ambokile, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha ya kaka yetu, na wazee wameniomba nisome kwa upole, lakini upole wenyewe leo sina.

Marehemu Yotamu Ambokile alizaliwa tarehe 14 Machi 1985 kule Ilomba, Mbeya, mtoto wa tatu wa Mzee Ambokile na mama yetu Esnath, akasoma shule ya msingi huko huko hadi mwaka 1999, kisha akaenda Iringa kujifunza uchomeleaji, akahitimu mwaka 2003 na kufanya kazi mjini pale miaka kumi na mitatu.

Tarehe 2 Juni 2012 alifunga ndoa kanisani Kihesa na shemeji yetu Faustina, wakajaliwa watoto wawili, Blessing na Vitus, na mwaka 2016 wakahamia hapa mashambani Ubaruku, ambako nguzo za umeme ziliishia barabarani, na trela likikatika lilipelekwa mjini huku mpunga umelala shambani.

Mwaka 2019 akafunga paneli nane za sola, akaanza kuchomelea kwa jua, tukamcheka kwamba huo ni umeme wa kuchajia simu, na tuliomcheka ndio tuliopanga foleni na pawatila zetu za kulimia zilizovunjika. Jua halina swichi, kwa hiyo kila alipotaka kushika nyaya alizifunika kwanza paneli kwa turubai zito jeusi zisitoe umeme, na mara tatu watu walilivuta wakaanikie mpunga, mara tatu akalirudisha, akasimama hadi kanisani kutuonya, tukasema fundi ana choyo, umeme wa jua hauui.

Marehemu hakuugua. Alhamisi tarehe 12 Juni 2025, saa saba mchana, akiwa ameinama anabadilisha nyaya zilizoungua, turubai likavutwa bila hodi, umeme ukampiga, akafariki njiani kuelekea kituo cha afya. Aliyelivuta ni mimi. Nilikuwa na magunia manne ya mpunga uliolowa, na nilimwona ameinama. Wazee wamesema nisome kwamba ni kazi ya Mungu, nakataa, Mungu hakuwa na mpunga wa kuanika, na ninyi mnaonifariji kwa maneno hayo mnanikera, maana siku ile ingeweza kuwa zamu ya yeyote kati yenu.

Tunawashukuru madaktari walioupokea mwili wake, majirani waliombeba, na mafundi wenzake waliotoka Iringa usiku kuja kutengeneza msalaba wake, wakauchomelea kwa jua hili hili.

Jumatatu shemeji Faustina atafungua karakana, maana naye ni fundi, alifundishwa na mumewe, na nyaya zile atazishika yeye. Turubai ndilo hilo mlilokalia. Mkiinuka mlikung'ute, mlirudishe kwenye paneli, na mtu asiliguse tena, nikiwemo mimi.

Kaka, pumzika kwa amani.