Mwalimu Sielewi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Anayeosha vyombo apunguze kelele kidogo, leo tuna msiba. Mwalimu Sielewi ametutoka. Moyo uliokuwa ukimsumbua tangu mwaka jana ulisimama Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, mumewe akiwa pembeni. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mwalimu Sielewi, mwalimu wa hesabu, hatunaye tena.

Najua kuna mtu anauliza, mwalimu gani huyo anaitwa Sielewi? Mwalimu si ndiye anayetakiwa kuelewa? Tulia hapo hapo, nikusimulie.

Mama huyu alifundisha hesabu kwa chaki tangu ujana wake. Mkali? Tena sana. Ukutani darasani aliandika kwa herufi kubwa: KUULIZA SI UJINGA. Na hakuna aliyeuliza. Nani angethubutu, na yale macho?

Kisha kuta za shule zikapata nyufa. Shule ikafungwa, na darasa la mtihani likarudishwa nyumbani. Mkuu wa shule akaona bora watoto warudie mwaka. Mwalimu akakataa. Akasema atawafundisha kwa simu na kompyuta, na mtihani wataufanya. Mkuu akacheka: "Mwalimu wangu, mzoea punda hapandi farasi."

Naye akamjibu: "Na punda akifa, mkuu, tulale njiani?"

Maneno hayo yalikuwa matamu, lakini yalikuwa na bei. Watoto wakifeli, mwaka wao umepotea, na yeye ndiye aliyewaahidi wazazi.

Somo la kwanza lilikuwa kituko. Aliifunga simu kwenye meza ya kupigia pasi ili kamera ione mkono wake ukiandika. Akaifunga kichwa chini. Darasa zima likasoma hesabu huku limepinda shingo kama kuku waliosikia mlio wa mwewe. Mumewe, fundi seremala, akaona aibu hiyo haivumiliki. Akamchongea kibao chenye tundu la kamera. "Nimetengeneza vitanda vya watu maisha yangu yote," ameniambia mzee jana, "sikujua iko siku nitatengeneza cha simu."

Binti yake, ambaye ni muuguzi, akamwonyesha mchezo wa maswali. Mwalimu anaweka maswali, kila mtoto anaingia kwa simu yake, anaandika jina, anajibu, na alama zinajitokeza hapo hapo. Watoto wakaandika majina yao. Mmoja akaandika: Sielewi.

Mwalimu akaliona neno hilo kwenye kioo cha simu. Sielewi. Akavua miwani, akashusha pumzi, akasema, "Sawa. Tuanze upya, polepole." Akaeleza hesabu za sehemu tena, kwa mkate safari hii, akiukata mbele ya kamera. Kesho yake akafungua mchezo. Sielewi. Akaeleza tena. Keshokutwa, Sielewi! Mzee anasema mkewe alikuwa akienda jikoni huku anajisemea: "Huyu mtoto ana kichwa kigumu, lakini kichwa changu ni kigumu zaidi."

Mwisho wa wiki akafungua matokeo. Akampigia binti yake simu kazini, amechanganyikiwa. "Mwanangu, hiki chombo kimeharibika. Kinasema asiyeelewa ndiye wa kwanza!"

Binti alicheka mpaka wagonjwa wakamgeukia. "Mama, hilo ni jina!"

Jumatatu mwalimu akasema, "Sielewi, washa maikrofoni." Ikasikika sauti ambayo hakuwahi kuisikia darasani. Ilikuwa ya msichana wa dawati la nyuma, yule aliyekuwa akijificha nyuma ya mgongo wa mwenzake.

"Ni mimi, mwalimu. Nisamehe. Siku ya kwanza kweli sikuelewa, nikaogopa kusema. Ulipoeleza tena nikaelewa. Nikataka kubadilisha jina, wenzangu wakanikatalia. Wakasema nikilibadilisha, nani atatuombea mwalimu arudie?"

Wasikilizaji, yule binti yake muuguzi anasema mama alitokwa na machozi. Darasa zima lilikuwa halielewi, miaka yote ile, na ukuta ulikuwa umeandikwa. Akasema tu, "Usilibadilishe." Kesho yake akafungua mchezo, na darasa zima limeingia kwa jina moja: Sielewi. Tangu hapo na yeye akaitwa hivyo, akalipenda kuliko jina la babake.

Basi mambo yakaenda. Akaweka ubao wa pamoja ambapo mtoto anaandika swali bila jina. Akawagawa katika vyumba vidogo vya mazungumzo, wafundishane. Wasio na bando akawatumia ujumbe wa sauti mfupi, na majibu akayasikiliza moja moja. Mtihani ulipofika, walifaulu wote isipokuwa wawili. Hao wawili hakuwaacha, wakafaulu mwaka uliofuata. Na mkuu wa shule? Alikuja sebuleni kwake na walimu wote, akakaa kwenye mkeka, akajifunza.

Walimu wengi walimuuliza chombo gani ni kizuri. Alikuwa na jibu moja: "Chochote kinachompa mtoto nafasi ya kusema sielewi. Kisichompa, hiyo ni televisheni tu."

Kwa mzee wetu seremala, kwa dada yetu muuguzi, na kwa wote aliowafundisha, poleni sana. Mungu awape subira. Tumepoteza mtu, na tunajivunia kwamba alikuwa wetu.

Nawe mwalimu unayenisikiliza, mwenye chaki au mwenye kompyuta, jiulize: ni lini mtoto alikuambia mara ya mwisho kwamba hajaelewa? Kama hukumbuki, usifurahi haraka. Huenda wanakuogopa.