Umbali Aliotaja Alois Herger

Padre, ndugu wafiwa na majirani wa bonde lote, mzee wetu Alois Herger alizaliwa tarehe 3 Novemba 1936 hapa Spiringen, jimbo la Uri, akiwa mtoto wa nne wa Josef na Karolina, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1951, ambako, kwa maneno yake mwenyewe, alielewana na hesabu kuliko alivyoelewana na mwalimu wa hesabu.

Mwaka 1952 aliajiriwa katika kiwanda cha kupasua mbao kule Bürglen, akastaafu mwaka 2001 akiwa na vidole vyote kumi, jambo ambalo wenzake wa kiwandani wanajua uzito wake. Alifunga ndoa na Ottilia Bissig tarehe 6 Mei 1961, wakajaliwa watoto wawili, Beat, aliyehamia Kanada, na Klara, aliyebaki.

Alijiunga na chama cha walenga shabaha mwaka 1956, na kuanzia 1970 akawa mpimaji wetu, maana tunapokwenda kushindana mlimani, ambako shabaha hazisimamishwi mita mia tatu kamili kama uwanjani, mtu mmoja hutaja umbali, wote husogeza kibao cha kulengea kilicho juu ya mtutu hadi namba hiyo, na baada ya hapo hakuna ruhusa ya kukigusa.

Jumapili ya tarehe 10 Septemba 2000, marehemu alipima kwa kamba aliyoilaza juu ya mteremko mkali, kama fundi anayepima bomba la maji, akataja mia tatu. Klara, mwanamke wa kwanza katika kikundi chetu, akamnong'oneza, “Baba, tunapiga kwenda juu, hapo huhesabiwa umbali wa tambarare tu, si urefu wa mteremko, tushushe hadi mia mbili,” naye akamjibu mbele ya watu, “Wewe piga, kupima niachie mimi.” Klara akashusha kibao chake kimyakimya. Risasi zake zikaingia, za wanaume zikapita juu, kikundi kikashika mkia, na mwenzetu wa chama Toni Gisler akapaza sauti, “Haya mzee, leo tumewatisha malaika!”

Alois alisema ni upepo. Upepo haukuwepo, moshi wa jiko la soseji ulikuwa umesimama wima na kila mtu aliuona, lakini lawama zilimwangukia aliyevunja desturi, Klara akatolewa kikundini, baba yake hakumtetea, na kwa miaka kumi na sita baba na binti walizungumza habari za ng'ombe, theluji na chumvi ya supu tu. Jambo hilo lilimuumiza sana Klara, nasi tulijua, tukanyamaza.

Marehemu alianza kuugua mapafu Oktoba 2016, akalazwa hospitalini Altdorf, na Klara ndiye aliyemwogesha na kumlisha. Februari wenzake wa chama walikwenda kumwuliza nani awe mpimaji baada yake, Toni akamtania kwamba safari hii asitaje namba ya mbinguni, lakini mzee hakucheka.

“Muulizeni Klara,” alisema. “Siku ile ilikuwa mia mbili. Nilijua jioni ileile.”

Klara alikuwa mlangoni na bakuli la supu, akaliweka sakafuni, akatoka nje kulia. Aliporudi alimlisha kama kawaida. Alois alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 2017, saa kumi na moja alfajiri, bintiye akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Altdorf, majirani waliokamua ng'ombe wa Ottilia majira yote ya baridi, wafanyakazi wa kiwanda cha mbao waliochonga jeneza hili, na wanachama wa walenga shabaha, ambao juzi walikwenda kwa Klara, kofia mikononi, kumwomba arudi awe mpimaji wao. Bado hajawajibu, na familia inaomba asiharakishwe.

Alois, mume, baba na mwenzetu, pumzika kwa amani.