Madam Selpha Aachia Kamba ya Omena

Madam Selpha Oketch amefundisha katika Shule ya Wasichana ya Mtakatifu Perpetua, hapa Kisumu, kwa miaka thelathini na mmoja, na tarehe 31 Julai anastaafu. Mwenyewe anasema hajachoka. Sisi tuliokaa naye chumba cha walimu tunathibitisha: waliochoka ni sisi.

Alikuja kufundisha Kiswahili na Dini, na muhula wa kwanza haukuisha kabla hajaanzisha jarida la wanafunzi. Siku hizo kurasa zilipigwa taipureta na picha zikabandikwa kwa gundi. Ili aone ukurasa upi ufuate upi, Madam alizibana zote kwenye kamba ya nguo nyuma ya bweni. Wapishi wakipita walimuuliza kama leo anaanika omena, wale dagaa wa ziwani. Jina likakwama. Jarida likawa Omena: makala madogo madogo, lakini yakijaa sahani mtu anashiba.

Mvua ya ziwani, bahati mbaya, haiheshimu fasihi. Toleo moja lililowa hadi shairi la kumsifu askofu likagandana na ripoti ya voliboli. Waliolisoma walisema askofu alicheza vizuri.

Kompyuta zilipoletwa shuleni, wengi wetu tulizifunika vitambaa kama runinga ya sebuleni. Madam akazifunua. Alishinda kwa vijana wa saiba, duka la intaneti, mjini likizo nzima, akarudi na furaha ya mtu aliyepata mjukuu. Akatengeneza jedwali la kurasa mtandaoni, ambalo kila mwandishi angeweza kulifungua na kulijaza popote alipo: nyekundu ni mbichi, manjano inakauka, kijani imekauka. Kurasa zenyewe alizimulika ukutani kwa projekta, zimejipanga mstari mmoja, na bado kazi hiyo aliiita kuanika. Ukurasa wa michezo ulibaki mwekundu hadi dakika ya mwisho kila mwaka. Huo haujawahi kuwa na dawa.

Si wote waliofurahi. Bwana Kiragu wa Kemia alikuwa akipita mlangoni akiuliza hiyo sinema inaisha saa ngapi. Mwaka huu mambo yakawa mazito. Mwalimu Mkuu, Bi. Wamaitha, alitangaza mkutanoni kwamba, kwa kuwa mlezi wa jarida anaondoka na hakuna aliyejitolea kumrithi, toleo la Siku ya Wazazi ndilo la mwisho, isipokuwa likionyesha kwamba kuna wanaolihitaji. Madam akasema sawa, basi tuwaulize wasomaji.

Ndipo alipotuma kiungo cha toleo zima kwenye kundi la simu la wazazi, ili wasome na watoe maoni. Kosa lake lilikuwa dogo tu: badala ya ruhusa ya kusoma, aliwapa ruhusa ya kuhariri. Na mzazi wa huku kwetu, ukimpa kipaza sauti, hakai chini kabla ya kuwatambua waliohudhuria.

Ilikuwa Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Mhariri, Maryanne Adongo wa kidato cha tatu, alikuwa amemulika kurasa mbele ya kamati ya jarida zilipoanza kujiandika zenyewe. Tahariri ikaota aya mpya ya salamu kwa Mwalimu Mkuu, wachungaji wote na “wageni waheshimiwa kwa nafasi zenu”. Baba mmoja wa Milimani akaweka vyeo vyake vitatu chini ya jina la bintiye. Mzee Okello wa Bondo akatangaza mashine yake ya kusaga unga katikati ya hadithi ya mapenzi. Mama Akeyo, muuza mboga wa Nyalenda, akasoma makala ya bintiye kuhusu foleni ya maji, akajibu papo hapo, ndani ya sentensi: “Yawa, Akeyo! Wewe ulipanga foleni lini? Huo mtungi nilibeba mimi.” Mama mwingine akaingia: “Mwache mtoto, Mama Akeyo, ameandika vizuri.” Naye: “Kwani nimekataa? Ameandika vizuri. Lakini na mimi aniandike.”

Kamati ilishika vichwa. Maryanne alikuwa karibu kulia. Madam alikuwa akipiga makofi: wasomaji aliowatafuta hao hapo, wanagombana ukutani! Alinakili kila neno lao, kisha akamwonyesha Maryanne kwamba faili huhifadhi hali zake zote za awali. Wakabonyeza, Omena ikarudi ilivyokuwa asubuhi. Baada ya ibada ya Jumapili wasichana waliongeza ukurasa mmoja kwenye jedwali, mwekundu, wakauita “Wazazi Wameingilia”. Jumatatu ulikuwa kijani, kabla ya michezo. Akeyo naye alimpigia mamake simu, akaandika upya. Sasa mama yumo, pamoja na mtungi wake.

Siku ya Wazazi, nakala ziliisha kabla ya hotuba kuanza. Bi. Wamaitha ilibidi aazime ya dereva. Neno “mwisho” halikusikika tena. Alisema tu kwamba jarida linahitaji mlezi, akageukia meza ya walimu. Mkono ulioinuka ulikuwa wa Bwana Kiragu. Kwa uso wa mtu anayepima asidi, alieleza kwamba ukurasa wa sayansi una makosa na hawezi kuuacha mikononi mwa washairi.

Wiki jana Madam alimhamishia Bwana Kiragu umiliki wa faili la Omena. Kidole chake kilikaa juu ya kitufe hadi Maryanne akadhani intaneti imepotea. Kisha akabonyeza. Bwana Kiragu, bila kuambiwa na mtu, akamrudishia ruhusa moja: ya kutoa maoni tu. Kufikia jana jedwali la toleo lijalo lilikuwa limejaa maoni, yote ya Madam. La kwanza linauliza mbona michezo bado nyekundu.

Asante, Madam, kwa wasichana uliowafundisha kuandika na wazazi uliowafanya wasome. Nenda nyumbani Seme ukapumzike, kama utaweza. Tunakutakia afya njema, mtandao wenye nguvu, na mvua inayosubiri mpaka uanue. Kamba tumeishika.