Ngoro za Shamba la Parokia

Basi dogo lilipomaliza kona za kupanda kutoka Mbamba Bay, Mama Zita, mjane anayekaa bondeni chini ya kanisa, alikuwa ameishika rozari bila kuisali. Kwenye kiti cha mbele yake, mwalimu mgeni alikuwa akimbana Benno wa kamati ya ujenzi.

"Mmefukia ngoro zote za shamba la parokia ili mpate pa kuegesha magari. Mashimo yale ndiyo yaliyokuwa yakimeza maji ya mlima. Mvua ikija, yataenda wapi?"

"Mwalimu, tangu wafanyabiashara waruhusiwe kununua kahawa, watu wana hela, na Jumapili magari yanajaa hadi makaburini. Tuyaweke altareni?"

"Basi chimbeni hata mfereji! Huko chini hakuna watu?"

"Yuko Mama Zita peke yake. Yule ni mtu wa sala, hawezi kugombana na kanisa."

Kweli, hakuwahi kugombana nalo. Lakini nyumba yake ni ya tofali mbichi, na nje wingu lilikuwa limeshaufunika mlima.

Basi liliposimama kanisani, aliinuka. Benno akageuka, akaona ni nani. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mvua ikianza, uniwekee nafasi ya kulala hapo kati ya magari." Akashuka.