Mzungu Aliyejua Kuanguka

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Hamjambo mlioko nyumbani, mlioko shambani, na wewe uliyeifunga redio kwenye usukani wa baiskeli hapo barabara ya Kibaoni, tafadhali angalia mbele. Ni Jumapili, saa tisa alasiri. Mimi ni Edna. Leo tunamkumbuka mtu mmoja tu. Na leo nitasema jambo ambalo sijalisema redioni kwa miaka kumi na miwili, kwa hiyo mnivumilie.

Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, nyumbani kwake Kibaoni, alifariki dunia Joris Hemmink. Mchekeshaji. Mwigizaji. Mholanzi. Alikuwa na miaka sabini na nne. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Joris Hemmink, yule mliyezoea kumwita Babu Jorisi, Mzungu wa Kuanguka, hatunaye tena. Tumemzika jana.

Nani hapa Ifakara hakuwahi kumwona akianguka? Alianguka na baiskeli. Alianguka kwenye magunia ya mpunga. Aliwahi kuanguka kutoka kwenye ngazi ya behewa pale stesheni ya Mlimba, abiria wakashuka treni nzima kuja kumtazama, dereva akapiga honi wee, hakuna aliyerudi. Alisema kwao Uholanzi nako watu ni wa baiskeli kama sisi, ndiyo maana alipofika hapa alijiona yuko nyumbani, joto tu ndilo lililomshinda.

Sasa tuanze mwanzo. Joris alizaliwa katika mji wa Deventer. Baba yake alikuwa na bucha, na mkono wake ulikuwa mzito. Dada yake Joris, Sista Annelies, ambaye mnamkumbuka kama muuguzi katika bonde hili, amezungumza nami kwa simu kutoka Uholanzi. Ana miaka themanini kasoro mmoja, na Kiswahili chake bado kinawashinda baadhi yenu. Sista alisema hivi:

“Baba alitupiga kwa ule mkanda wa kunolea visu. Mimi nilikimbia. Joris hakukimbia. Alijifunza kuanguka kabla mkanda haujamfikia. Akianguka vizuri, baba alicheka. Na baba akicheka, mkanda wa pili haukuja.”

Huko ndiko alikosomea kazi yake, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa na miaka sita.

Alipokua akaingia kwenye televisheni ya kwao. Kwa miaka kumi na mitatu aliigiza mpeleka barua ambaye kila wiki lazima apigwe. Apigwe na mlango, apigwe na ngazi, apigwe na mama mwenye nyumba kwa mti wa kusukumia chapati. Alivunjika mtulinga, mfupa huu wa begani, mara mbili. Nchi nzima ilicheka.

Lakini alikuwa na sharti moja, na hili lishikeni kwa sababu ndilo litakalotuongoza leo. Kila akianguka, kabla hajafanya lolote, aliinua kidole gumba cha mkono wa kulia. Dole. Maana yake: niko salama, tuendelee. Alikuwa anampa ishara mwenzake wa jukwaani ili ajue hajamuumiza. Hapa kwetu watazamaji waliijua ishara hiyo, wakaipenda kuliko hata mchezo wenyewe. Akianguka tu, uwanja mzima unapiga kelele: “Dole! Dole!” Naye anatoa.

Alikuja mwaka 1998 kumtembelea dada yake kwa wiki tatu. Wiki ya pili akakutana na Stefania, binti wa watu kutoka upande wa Mahenge, mpiga ngoma wa kwaya. Stefania huyo, ndiye Mama Stefania wetu wa leo, anasimulia mwenyewe:

“Alianguka na baiskeli mtaroni, mbele ya kanisa, watu ndiyo tunatoka misa. Nikapiga kelele, Yesu na Maria! Yeye huyo, katoa dole. Nikamuuliza, kaka, wewe ni mgonjwa au ni mjinga? Akasema, vyote viwili, dada, nisaidie.”

Wakaoana. Wakaanzisha kikundi cha maigizo, Stefania kwenye ngoma, Joris kwenye kuanguka. Wiki tatu zikawa miaka ishirini na saba.

Sasa nafika mwaka 2013. Wenye watoto wadogo, wapelekeni nje wakacheze kidogo.

Mwaka ule mnaukumbuka. Ng'ombe waliingia kwenye mpunga, mapanga yakaingia kwa ng'ombe, mikuki ikaingia kwa watu. Asubuhi moja karibu na Idete, mkulima mmoja kijana, Deus, alikutwa amelala kifudifudi katika jaruba lake mwenyewe la mpunga. Mkuki ulikuwa umeingia mgongoni na kutokea kifuani. Alikuwa na miaka thelathini. Aliyemtoa majini ni mdogo wake, Bryson. Bryson alimfunga kaka yake kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli kwa kamba ya katani, akaisukuma baiskeli ile kwenye tope mpaka barabarani, na kila alipojikwaa kichwa cha Deus kilimgonga begani. Aliniambia mwenyewe. Alisema alikuwa anamwambia, samahani kaka, samahani kaka, njia nzima.

Wiki tatu baadaye, siku ya Alhamisi, saa tano asubuhi, Joris aliweka mchezo pale uwanjani Kibaoni. Alijifunga shuka jekundu, akashika fimbo, akaigiza mfugaji. Mwenzake aliigiza mkulima. Walikuwa wanamgombania ng'ombe mmoja wa gunia, wakaangukia tope wote wawili. Miaka mingi baadaye nilimuuliza, mzee, kwa nini wakati ule? Akaniambia, “Edna, baba akicheka, mkanda haupandi.” Ndivyo alivyoamini. Alidhani bonde zima ni baba yake.

Mimi nasema hapo alikosea, na nilimwambia usoni. Kwetu msiba una watu wake wa kuuchekesha, nao ni watani. Mtani anaweza kuja matangani akamwigiza marehemu anavyochechemea, mjane akacheka huku analia, na hakuna atakayemgusa. Ndiyo kazi yake. Lakini Joris hakuwa mtani wa watu wa Deus. Hakuwa na ruhusa.

Bryson alitokea kwa mafundi baiskeli. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mkononi alikuwa na mpini wa jembe.

Pigo la kwanza lilitua begani. Joris akaanguka, na akaanguka vizuri kama siku zote. Tukapiga makofi. Pigo la pili lilitua mbavuni, tukasikia mlio, tukasema, leo wamejiandaa hawa. Pigo la tatu lilitua usoni. Jino likaruka, likaanguka karibu na kandambili yangu. Nilidhani ni punje ya hindi. Damu ikamjaa kifuani, tukadhani ni rozela, kwa sababu kwenye michezo yake damu siku zote ilikuwa maji ya rozela. Pigo la nne, taya. La tano, jicho.

Wasikilizaji wapendwa, mimi Edna nilikuwepo pale. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikajishika tumbo, na nikamgonga jirani yangu bega, nikamwambia, huyu babu ni kiboko. Watu karibu mia mbili tulikuwa tunamcheka mtu anayeuawa.

Hata mwenzake mchezoni, tope usoni, alidhani Joris ameongeza mtu; aliyejua ni mmoja tu. Mama Stefania aliitupa ngoma chini, akalia kwa sauti ambayo bado naisikia: “Hajatoa dole! Jamani, hajatoa dole!”

 Kisha tukageuka.

Naomba mnisikilize hapa. Wale wale tuliokuwa tunacheka ndio tuliookota mawe. Bryson alikokotwa, akaangushwa chini, akapigwa mateke ya kichwa, akapigwa na mpini wake mwenyewe. Mtu mmoja aliburuta tairi. Mwingine alishaanza kufyonza petroli kwenye pikipiki. Bryson hakujikinga hata kidogo. Alisema, “Nimalizeni, nimfuate Deus.” Na mimi, mtangazaji wenu, ninayewasomea salamu kila Jumapili, nilikuwa na kipande cha tofali mkononi. Nilikuwa natafuta nafasi katikati ya migongo ya watu ili na mimi nirushe.

Ndipo Joris akasimama. Sijui alisimamaje. Taya lilikuwa limeshuka, jicho la kushoto limefumba, na halikufumbuka tena maisha yake yote. Akapiga hatua tatu za kupepesuka, zile zile za mpeleka barua wake. Watu wakampisha. Akafika kwa Bryson, akaanguka. Alimwangukia juu, mwili mzima, akamfunika kama mkeka.

Na mkono wake wa kulia ukainuka. Dole.

Lilikuwa dole la uongo. Kidole chenyewe kilikuwa kimevunjika, kimeelekea pembeni. Lakini alikitoa, akakishikilia hewani. Nyuma kabisa mtu mmoja akacheka. Akacheka na mwingine. Wale wa nyuma waliamini kweli ni mchezo, wakaanza kuulizana, kumbe walikuwa wanaigiza? Kubabaika kule hakukuzidi dakika mbili. Kulitosha mgambo kupenya, polisi wakafika, na Bryson akatolewa pale akiwa hai. Yule mfyonza petroli alilifunika tangi la pikipiki, akaondoka bila kuaga.

Joris alilazwa miezi miwili, taya limefungwa kwa waya. Mbavu nne. Jicho moja. Meno sita. Askari akaja wodini na daftari lake kuchukua maelezo. Joris hakuweza kusema, akaomba kalamu. Mama Stefania ameitunza karatasi ile, nimeishika jana kwa mikono yangu. Humo Joris ameandika: “Sina kesi. Aliyenipiga ni mtani wangu.”

Askari akamuuliza, “Mzee, utani wenu umeanza lini?”

Joris akaandika: “Alhamisi. Saa tano asubuhi.”

Chini yake akaongeza maneno haya, nayasoma kama yalivyo: “Niliuliza wazee wa hapa utani ulitoka wapi. Waliniambia watani ni watu waliopigana zamani mpaka wakachoka. Huyu kijana amenipiga. Mimi nimechoka. Muulizeni na yeye kama amechoka.”

Walimuuliza. Alikuwa amechoka.

Siku Joris aliporudi Kibaoni, Bryson alikwenda na mama yake, Mama Theodosia, na jogoo mweupe. Mama Theodosia akapiga magoti mlangoni. Joris akamwinua, akampokea jogoo, kisha akauchukua mpini wa jembe uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akamwambia Bryson, kwa lile taya lake bovu, “Sasa zamu yangu. Simama hapo, nikufundishe kuanguka.”

Ndivyo ilivyokuwa. Mbavu zake hazikumruhusu tena kuanguka, kwa hiyo tangu siku ile alianguka Bryson na Joris ndiye aliyepiga. Walikwenda Mlimba, walikwenda Idete, penye wakulima na penye wafugaji, lakini kila mahali walitanguliza swali: hapa kuna msiba? Kama upo, tunamtania nani, na nani katuruhusu? Wasipopata jibu walipanda baiskeli zao wakarudi. Bryson aliniambia jana, macho mekundu:

“Dada Edna, mzee alinipiga miaka kumi na miwili, na hajaniumiza hata siku moja. Mimi nilimpiga dakika moja tu.”

Sasa tuje kwenye mazishi. Mlikuwepo wengi, lakini kwa walio mbali nasimulia. Jeneza lilifika kaburini saa nane mchana. Bryson akasimama njiani, amevaa koti la mpeleka barua la marehemu, limembana makwapani. Mtani kazini.

“Hazikwi mtu hapa!” akasema. “Huyu mzungu hajafa. Ni mvivu tu. Ameona palizi imefika, anajidai kafa. Nileteeni baiskeli yake kwanza!”

Watu wakacheka. Hata padri alicheka. Bryson akarudi nyuma hatua moja, mguu ukanasa kwenye koleo, akayumba, mikono ikapiga hewa, akaenda. Alianguka ndani ya kaburi, puu! Lilikuwa anguko la Joris mtupu. Uwanja ule wa makaburi ulilipuka kwa kicheko.

Kisha tukachungulia. Alikuwa amelala kifudifudi chini kule, hatikisiki. Kicheko kikapungua. Kikakatika. Wasikilizaji wapendwa, safari hii sikucheka. Niliutazama mkono wake wa kulia. Niliona wenzangu nao, wale wa Alhamisi ile, wote wanautazama mkono ule.

Mama Stefania akasogea ukingoni, wanawake wamemshika huku na huku. Akasema taratibu, “Bryson mwanangu. Toa dole.”

Hakutoa.

“Toa dole, baba.”

Mkono ukapanda polepole kutoka kwenye udongo mwekundu. Kidole gumba kikasimama. Na sauti ikatoka chini: “Mama, leo nimeumia kweli. Lakini natoa.”

Tukalia, na tukacheka. Sijui tulianza na lipi.

Pole sana, Mama Stefania. Pole, Sista Annelies, huko uliko. Pole, Bryson, na Mama Theodosia, uliyemzika Deus na sasa umemzika aliyekurudishia mwana wa pili. Redio hii iko pamoja nanyi.

Na sisi wengine tujitafakari. Bonde hili ni letu, na hasira zake ni zetu. Leo mtu akianguka mbele yako, angalia mkono wake kabla hujacheka. Angalia tena kabla hujainama kuokota. Mimi sikuangalia mara zote mbili. Kile kipande cha tofali sikukirusha, lakini sikukitupa pia. Kwa miaka kumi na miwili kimezuia mlango wa studio hii usijifunge, na wafanyakazi wenzangu walikuwa hawajui kilitoka wapi. Sasa wanajua. Nimekiweka hapa mezani, mbele ya kipaza sauti.

Nenda salama, Babu Jorisi. Ukifika huko mlangoni, najua utaanguka tu, huwezi kujizuia. Usisahau kutoa dole, wasije wakaogopa.